Jibu: Mume wangu anacheka katuni za vifo na juzi tu tumemzika mamake

Dada, pole kwa msiba. Nimesoma swali lako pamoja na majibu ya waliotangulia, na naona wengi wamekimbilia kusema mumeo ana roho ngumu, mwingine eti amerogwa. Umeeleza kwamba mamake alilazwa muda mrefu kabla ya kufariki, mkamzika Vihiga, na tangu mrudi mjini mume anakaa sebuleni kila usiku akitazama katuni ya Marekani, South Park, na kucheka peke yake. Unauliza mtu mzima anapataje kicheko kwenye kifo.

Mimi niko Kisumu na kazi yangu ni kupiga video za matanga. Jumamosi nyingi utanikuta Siaya, Mumias au Luanda, nafuata jeneza na kamera begani. Tena matanga hayo huyatazama mara mbili: siku yenyewe, na usiku nikihariri.

Kitu ambacho wengi hawakioni, kwa sababu huwa kinakatwa, ni jinsi kanda ya matanga kabla ya kuhaririwa ilivyojaa vicheko. Ijumaa mochari ni kilio kitupu, hapo hakuna mjadala. Lakini Jumamosi hotuba zikishaanza, hema linabadilika. Wajukuu ndio huanza. Mjukuu huku kwetu ana ruhusa ya kumtania babu hata akiwa ameshafungiwa ndani ya sanduku: ataiga alivyokohoa akitaka chai, alivyoficha sukari chini ya kitanda. Wazee wanaangua kicheko, na mama aliyekuwa akilia anajifuta machozi kwa leso huku mabega yakitikisika, hujui analia au anacheka. Ndugu zetu wa Tanzania wana watani, ambao huja msibani kwa kazi hiyohiyo, wengine hujilaza hadi kaburini wakidai walipwe ndipo watoke.

Kuna mheshimiwa mmoja (simtaji) aliyewahi kufika akiwa amechelewa, katoka matanga mengine, akanyakua maikrofoni na kumsifu marehemu kama mzee shujaa aliyekuwa nguzo ya wanaume wa lokesheni ile. Tulikuwa tunamzika nyanya. Hema lilinyamaza kimya. Kisha nyuma kule mkaza mwana mmoja akapasuka, na baada yake kila mtu, hadi mchungaji. Nilipomuuliza binti mkubwa kama nikate kipande hicho, aliniambia, "Ukikata hapo, hela yako sahau."

Hakuna aliyemcheka nyanya, dada. Tulimcheka mheshimiwa, na tukajicheka sisi na mambo yetu: kamati ya mazishi inayogombania bajeti ya nyama, suti za kushonesha sare, jamaa anayelia kwa sauti kamera ikimkaribia na kunyamaza ikipita. Filamu nzuri za kuchekesha kuhusu kifo zinafanya hivyo. Ipo ya Waingereza ya mwaka 2007, Death at a Funeral, ambayo Wamarekani waliirudia mwaka 2010 wakimweka Chris Rock. Inaanza jeneza likiletwa nyumbani, likafunguliwa, kumbe ndani ni mtu mwingine kabisa. Kuanzia hapo walio hai wanaaibika mmoja baada ya mwingine na aliyetulia ni marehemu pekee.

Sasa hiyo South Park. Ilianza mwaka 1997, na usidanganywe na michoro, si ya watoto hata kidogo. Kwa misimu mitano ya kwanza mtoto mmoja, Kenny, aliuawa karibu kila kipindi. Marafiki wanapiga kelele kwamba Kenny ameuawa, panya wanakuja kuitafuna maiti, na wiki inayofuata yuko kwenye kituo cha basi la shule na hakuna anayeuliza alitoka wapi. Sisi tuliokulia vibandani Kondele, tukisikiliza DJ Afro akitangaza filamu kwa Kiswahili chake, tulizoea kwamba steringi, yaani shujaa wa filamu, hafi, wanaokufa ni wale wa pembeni na wanakufa kwa mzaha. Kenny amegeuza jambo hilo kichwa chini. Yeye ni mmoja wa wahusika wakuu, na ndiye mtoto wa familia maskini zaidi katika kundi lao. Maskini anakufa kila wiki na mji unaendelea na shughuli zake. Ukiniuliza mimi, kicheko hicho kina uchungu ndani yake, na mtu aliyefiwa huusikia haraka kuliko wengine.

Si kwamba kila kitu kinachekwa wakati wowote. Hata watengenezaji wa filamu hizo wenyewe wanajua. Dr. Strangelove ya Stanley Kubrick, inayofanyia mzaha bomu la nyuklia, ilikuwa ionyeshwe kwa mara ya kwanza kwa wanahabari tarehe 22 Novemba 1963, siku ambayo Rais Kennedy wa Marekani aliuawa mjini Dallas. Onyesho likafutwa, filamu ikatoka Januari 1964, na neno Dallas lililokuwa ndani yake likafunikwa kwa sauti ya Vegas. Utani haukuwa na makosa, siku ndiyo ilikuwa mbaya. Na mimi binafsi nina mpaka mwingine: picha za watu halisi. Ile ajali ya barabarani ya Londiani, Juni 2023, iliyoua watu zaidi ya 50, video zake zilizunguka kwenye simu kabla hata jamaa hawajapata habari. Ukiniletea kipande cha namna hiyo nikiwekee muziki wa kuchekesha, nitakufukuza ofisini. Kenny amechorwa aonekane kama karatasi iliyokatwa. Hana mama anayemsubiri nyumbani Bungoma.

Kwa hiyo mumeo simwoni kama mgonjwa. Ningekuwa na wasiwasi zaidi kama angekuwa anatazama bila kucheka. Jaribu kukaa naye usiku mmoja, usimkatize, uone anacheka wapi na ananyamaza wapi.

Ila kuna kipindi kimoja ukijue mapema. Karibu na mwisho wa msimu wa tano, Desemba 2001, Kenny anaugua kweli, ugonjwa wa misuli, analazwa, na safari hii kifo chake hakifanyiwi mzaha. Rafiki yake Stan anashindwa kuingia wodini kumwona, na anapojikaza kuingia anakuta kitanda kitupu. Kenny hakurudi hadi mwisho wa msimu uliofuata. Kwa mtu ambaye mamake alilazwa muda mrefu, hapo ndipo panaweza kumvunja. Kama hajafika huko, mwambie akiruke kwa sasa. Kama ameshakitazama, huenda ndicho anachozunguka usiku kucha, na unaweza kumuuliza.