Kabla ya kuchomwa dawa ya CT scan, acha kuwaza sato

Kanda ya Ziwa ina hofu yake: ukiwa na mzio wa samaki, dawa ya kontrasti, ile inayochomwa kwenye mshipa ili picha za CT scan zionekane vizuri, itakuua kwa sababu ina iodini. Si kweli. Kinachomvimbisha midomo mtu aliyekula sato au dagaa ni protini ya samaki mwenyewe. Iodini ni yale madini joto yaliyomo kwenye chumvi ya mchuzi wake wa kila siku. Mtu huyo anahesabiwa sawa na mwenye mzio wa karanga au mayai: hatari yake iko juu kidogo, na kipimo hakiahirishwi kwa hilo peke yake.

Swali zito ni hili: umewahi kuchomwa kontrasti, na ikakufanyaje? Aliyewahi kudhurika na dawa ya kundi hilohilo ana hatari takriban mara tano ya mtu mwingine. Ila tofautisha. Joto linalopita mwilini, ladha ya chuma mdomoni na kuhisi kama mkojo umetoka ni kawaida, huisha ndani ya dakika moja au mbili. Ukiyasimulia hayo kama aleji, yataandikwa kwenye faili na kukusumbua miaka yote. Vipele, kope kuvimba, sauti kukwama au kifua kubana, hayo ndiyo ya kutaja. Taja na jina la dawa, ioheksoli au iopamidoli kwa mfano, maana kubadilisha dawa ndani ya kundi hupunguza hatari. Dawa ya MRI, yenye gadolini, ni kundi jingine kabisa.

Pumu nayo huongeza hatari, hasa isiyotulia. Kama kifua kinapiga filimbi wiki hii na kipimo si cha dharura, subiri kitulie. Siku ya kipimo njoo na pampu yako. Wanaomeza atenololi au propranololi kwa presha wasiache dawa, bali waseme mapema: mwili ukidhurika, adrenalini, sindano ya kuokoa mwenye mzio mkali, inaweza isiwashike vizuri.

Aliyewahi kudhurika huenda akaandikiwa prednisoloni miligramu 50 mara tatu: saa 13, saa 7 na saa 1 kabla ya sindano. Vidonge vikiwa vya miligramu 5, ni kumi kila mara. Kipimo cha saa 4 asubuhi maana yake unameza saa 3 usiku, saa 9 usiku na saa 3 asubuhi. Hapa ndipo wanaotoka Ukerewe hukwama, kwani cheti cha dawa hizo wanakipata wakishafika Mwanza asubuhi ileile. Kiombe siku ulipopangiwa kipimo.

Figo ni habari nyingine, haihusiani na mzio. Mwenye kisukari, presha ya muda mrefu au ugonjwa wa figo apime kwanza kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kama figo zinachuja vizuri. Uchujaji wa figo (eGFR kwenye majibu) ukiwa chini ya 30, daktari atafikiria upya kama kontrasti inahitajika kweli, na metformini, dawa ya kisukari, husimama kwa saa 48, ikarudi baada ya kreatinini kurudiwa. Figo zikilemewa, metformini hulundikana na kuleta tindikali katika damu. Aliye na figo nzima kwa kawaida haachi kitu. Siku hizo epuka diklofenaki, dawa ya maumivu ambayo watu hununua dukani kama peremende. Ukiambiwa usile, uliza kama maji nayo yamekatazwa. Mara nyingi hayakatazwi, na mtu aliyeshinda kwenye feri bila kunywa hata tone huanza na figo zilizokwisha kukauka.

Mkono ukiuma au kuvimba pale kwenye kanula, mrija mdogo ulioingizwa kwenye mshipa, wakati dawa inaingia, piga kelele papo hapo, usivumilie. Kisha kaa dakika 30, kanula ikiwa bado mkononi, kwa sababu madhara makali mengi huanza ndani ya dakika 20 za mwanzo. Vipele vya kuchelewa huweza kutokea hata ndani ya wiki moja. Vipige picha kwa simu kabla havijafifia, uende nayo kliniki pamoja na jina la dawa uliyochomwa.