Maswali ya Wasomaji: Maisha marefu ya shangazi aliyezunguka dunia

SWALI: Nimeolewa katika familia ya Waitalia wa New Jersey. Shangazi wa mume wangu, dada yake baba mkwe, ana miaka 96. Alizaliwa Calabria, akaletwa Marekani akiwa mtoto, na tangu alipokuwa mtu mzima hakutulia: Amerika Kusini, Japani, hata Mombasa na Dar es Salaam amefika. Nimekabidhiwa sanduku lake la pasipoti, picha na slaidi niandike kijitabu cha maisha yake. Kila nikipanga, tarehe hazilingani. Nianzie wapi?
*Msomaji, Newark*

JIBU: Anza na shangazi mwenyewe, dada. Sanduku litasubiri. Kaa naye asubuhi akishapata kifungua kinywa, dakika 40 hivi, usizidishe, maana akichoka ataitikia lolote ilimradi umalize. Simu ya kurekodia ilaze juu ya kitambaa kilichokunjwa, kama nusu mita kutoka alipo, na uizuie isiite. Zima televisheni na feni. Usimuulize mwaka. Mpe picha moja, umuulize nani aliipiga, walifikaje pale, na nani alipaswa kuwepo lakini hayupo. Mwaka ni kazi yako kuutafuta.

Kuhusu tarehe, tunashuku jambo moja kabla ya mengine yote: Wamarekani hutanguliza mwezi, Waitalia hutanguliza siku kama sisi. "3/4/1958" nyuma ya picha ni Machi 4 ikiwa ameandika shangazi aliyesomea New Jersey, na ni Aprili 3 ikiwa imeandikwa na binamu aliyebaki Calabria. Tambua kwanza mwandiko ni wa nani. Kwenye kijitabu, mwezi uandike kwa maneno.

Slaidi nazo hudanganya. Fremu za Kodachrome (filamu ya rangi ya Kodak), hasa za kuanzia miaka ya 1960, mara nyingi zimepigwa chapa ya mwezi na mwaka, lakini hiyo ni tarehe ya kusafishwa kwa filamu. Aliyepiga picha Agosti huenda alipeleka filamu Novemba. Hapo mwamuzi ni muhuri wa pasipoti, na hata uliofutika unasaidia: wenye jina la Tanzania hauwezi kuwa wa kabla ya 1964. Kama alifika Mombasa kwa meli kutoka Italia, tafuta sandukuni menyu za chakula. Kampuni ya Lloyd Triestino ilikuwa na meli mbili kwenye njia hiyo kuanzia 1952, Africa na Europa, na menyu za meli za abiria zilichapwa jina la meli na tarehe. Watu wengi walizihifadhi kwa sababu zilikuwa nzuri.

Picha zilizonasa kwenye albamu za kurasa zenye gundi usizibandue kwa kucha. Skani ukurasa mzima kwanza, kisha pitisha uzi wa kusafishia meno usio na nta nyuma ya picha, taratibu, kutoka pembe moja. Picha za karatasi zinatosha dpi 600 (nukta kwa kila inchi), slaidi zinataka dpi 3,000 au zaidi. Weka nakala tatu, moja ikae nyumba nyingine.

Cheti cha kuzaliwa kiombwe kwa barua kwenye comune, yaani ofisi ya mji au kijiji, alikozaliwa. Taja *estratto per riassunto dell'atto di nascita*, yaani dondoo la cheti cha kuzaliwa, na useme wazi kwamba unataka majina ya baba na mama yawemo. Usiposema, huachwa.

Kwenye orodha ya abiria wa meli, mama yake mtafute kwa jina la ukoo la kwao, kwani wanawake wa Kiitalia waliandikwa hivyo mara nyingi hata wakiwa wameolewa, na watoto wakafuata chini yake kwa jina la baba. Uraia wa mtoto kwa kawaida ulipitia kwa mzazi, basi usishangae kukosa jalada lake. Tafuta la baba. Sensa za 1940 na 1950 ziko wazi. Ya 1960 itafunguliwa 2032, kwa kuwa sheria huzifunga miaka 72. Na kama wazazi hawakuwa bado raia vita ilipofika Marekani, walihesabiwa kuwa wageni wa taifa adui hadi Oktoba 1942. Liulize kwa upole. Familia nyingi zililifunika.

SWALI: Wakwe zangu wanasisitiza kwamba karani wa Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji bandarini New York, ndiye aliyelikata jina lao la ukoo. Ni kweli?
*Msomaji, Toronto*

JIBU: Karibu kila familia husimulia hivyo, na karibu kila mara si kweli. Orodha iliandikwa na watu wa kampuni ya meli bandarini Napoli, Genova au Palermo. Makarani wa New York waliwahoji abiria wakiwa na orodha hiyo hiyo mkononi. Majina yalifupishwa baadaye, shuleni, kazini au wakati wa kuomba uraia, ambapo mahakama iliweza kuidhinisha jina jipya. Angalia basi ombi la uraia la babu. Ukikosa jina kwenye faharasa za mtandaoni, kosa huwa la aliyesoma mwandiko: *n* ikasomwa *u*, *L* ikawa *S*. Acha jina la ukoo kabisa, tafuta kwa jina la kwanza, umri na kijiji alichotoka.