Anakunywa dawa kila asubuhi na kurudi nyumbani: je, hayo ni matibabu?

Barua nyingi tulizopokea kwa ajili ya safu hii zinahusu matibabu ya uraibu yanayotolewa hospitalini bila mgonjwa kulazwa. Tumechagua nne. Majina ya waandishi tumeyahifadhi kwa sababu zinazoeleweka.

SWALI: Daktari, mwanangu ana miaka 27 na alitumia unga kwa muda mrefu, kwanza akivuta, baadaye akijidunga. Mara mbili tulimpeleka nyumba ya upataji nafuu, akarudi amenenepa na ana heshima, na mara zote mbili haikupita miezi akarudia. Tangu mwanzo wa mwaka anakunywa methadoni katika hospitali ya mkoa. Huenda asubuhi na kurudi nyumbani. Mimi nashukuru, maana sasa naweza kuacha simu mezani. Lakini baba yake anasema huo ni ulevi mwingine, tena wa serikali, na anataka aiache kabla ya Desemba. Je, hakupaswa kulazwa? Na ataiacha lini? (Mama, Tandika, Dar es Salaam)

JIBU: Mama yangu, shikamoo, na pole kwa miaka yote uliyolibeba jambo hili. Nitajibu kwa urefu, kwa sababu ninaamini kwamba uamuzi wa kumwachisha kijana dawa kwa tarehe iliyopangwa na familia ni hatari kwa maisha yake.

Heroini hudumu mwilini kwa saa chache tu. Ndiyo maana anayeitumia hulazimika kuitafuta mara tatu au nne kwa siku, na ikichelewa hupatwa na arosto: makamasi na machozi, miayo isiyokoma, kuharisha, maumivu ya mifupa na usiku usio na usingizi. Methadoni hushika sehemu zilezile za ubongo, lakini huingia polepole na hudumu kwa siku nzima au zaidi. Mtu aliyefikia dozi inayomfaa halewi na wala haumwi. Anaweza kuendesha bodaboda, kusoma, kulea watoto. Mwambie baba yake asilitazame jina la dawa, bali atazame jinsi kijana anavyoishi siku yake.

Kuhusu kulazwa, maumivu ya mwili ya kuacha heroini humalizika kwa kiasi cha wiki moja hadi siku kumi, lakini hamu hukaa miezi na hata miaka. Kijana akitolewa mahali alipofungiwa, hurudi mtaani kwake, kwa marafiki walewale na kijiwe kilekile, akiwa na hamu hiyo bila kinga yoyote. Mwili wake wakati huo umeshasahau kiwango cha zamani, kwa hiyo akijidunga kiasi alichokizoea anaweza kuacha kupumua. Wengi hufa katika wiki za kwanza baada ya kutoka gerezani au katika nyumba za upataji nafuu, si wakati walipokuwa wakitumia kila siku. Sizikatai nyumba hizo, kwa kuwa wapo waliosimama kwa msaada wake. Ninachosema ni kwamba kwa mraibu wa heroini ambaye amekwisharudia mara mbili, kliniki ya kila siku si daraja la chini la matibabu.

Wala si jambo la majaribio. Shirika la Afya Duniani liliingiza methadoni katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2005. Kliniki ya Muhimbili ilifunguliwa Februari 2011, Mwananyamala ikafuata mwaka 2012, kisha Temeke, na baadaye huduma ikaenea hadi Mbeya, Mwanza, Dodoma, Bagamoyo na Tanga. Zanzibar wana huduma hiyo Kidongo Chekundu, na Wakenya wanayo Mathari na Malindi, miongoni mwa hospitali nyingine.

Ukipata nafasi, fuatana naye siku moja, au bora zaidi aende baba yake. Ataona foleni mbele ya dirisha, kila mtu akiwa na namba yake. Mfamasia hulinganisha sura na picha, humtazama mtu kama amelewa au ana usingizi, kisha humpimia dawa ya maji katika kikombe kidogo. Mteja huinywa hapohapo, hunywa maji, halafu husemeshwa neno moja au mawili ili ijulikane kwamba amemeza. Hakuna anayeondoka na dawa mdomoni. Dozi ya siku ya kwanza haizidi miligramu 30 na hupandishwa taratibu kwa wiki kadhaa. Wengi hutulia kati ya miligramu 60 na 120. Zaidi ya dirisha hilo kuna mshauri nasaha, afisa ustawi wa jamii, vipimo vya virusi vya UKIMWI, homa ya ini na kifua kikuu. Dawa pekee bila mambo hayo ni nusu ya matibabu.

Sasa, ataacha lini? Chini ya mwaka mmoja ni mapema mno, na wapo watakaoitumia kwa miaka mingi bila madhara makubwa zaidi ya kufunga choo, jasho na usingizi kidogo. Kuacha huanza pale yeye mwenyewe anapotaka, akiwa na makazi, shughuli ya kufanya na watu wanaomwamini, na hufanyika kwa kupunguza kidogo kidogo kwa miezi. Akisikia hamu imerudi, dozi hupandishwa tena, na hakuna aibu katika hilo. Tarehe ya Desemba iondoeni kabisa katika mazungumzo ya nyumbani.

Mkitaka kumsaidia, msaidieni nauli. Dawa haiuzwi, lakini daladala hailipwi kwa kadi ya kliniki, na kijana asiye na kazi anayepaswa kufika siku saba kwa wiki hukwama hapo kabla ya kukwama kwingine kokote. Kwa maoni yangu hilo ndilo pengo kubwa la huduma hii: dirisha la dawa linapaswa kushuka hadi hospitali za wilaya na vituo vya afya, karibu na watu wanakoishi. Na jambo moja la usalama: ukimkuta amelala anakoroma kwa sauti isiyo ya kawaida, haamki ukimtikisa, midomo imebadilika rangi, usisubiri asubuhi. Mlaze kwa ubavu na mkimbizeni hospitali. Ipo dawa iitwayo naloksoni inayoweza kumrudishia pumzi.

SWALI: Ninatumia methadoni mwaka wa pili na nilikuwa nimetulia kabisa. Mwezi uliopita nimekutwa na kifua kikuu, nikaanza vidonge. Baada ya wiki hivi arosto imerudi kama zamani, usiku silali. Muuguzi mmoja ameniambia bila shaka nimerudia unga. Sijarudia. Nifanye nini? (Kijana, Kinondoni)

JIBU: Ndugu yangu, nakuamini, na daktari wa kliniki yako ataelewa mara tu utakapomwonyesha kadi ya kifua kikuu. Katika vidonge unavyomeza kuna rifampisini, dawa ambayo hulichochea ini kuivunja methadoni kwa kasi kubwa. Dozi iliyokutosha kwa saa 24 sasa inaisha mchana au jioni, na mwili unalalamika. Baadhi ya dawa za zamani za kufubaza virusi vya UKIMWI, kama efavirenzi na nevirapini, hufanya vivyo hivyo.

Usiache vidonge vya kifua kikuu, na usijaribu kuziba pengo kwa kete moja. Nenda kesho, usisubiri tarehe ya miadi, uombe kuonana na daktari mwenyewe na si kupita dirishani tu. Dozi yako itaongezwa, pengine zaidi ya mara moja, hadi utakapotulia. Jambo ambalo wengi hulisahau ni upande wa pili: matibabu ya kifua kikuu yakimalizika baada ya miezi sita, ini hurudi katika mwendo wake wa kawaida ndani ya wiki mbili hivi, na dozi kubwa iliyokuwa ikikufaa inaweza kukuzidi nguvu. Siku utakayomeza kidonge cha mwisho, waarifu kliniki ya methadoni siku hiyohiyo.

Kuhusu kauli ya muuguzi, una haki ya kuomba kipimo cha mkojo. Mgonjwa anayeeleza dalili anapaswa kusikilizwa kwanza, na inaniuma kila ninapopata barua ya mtu aliyekaribia kuacha tiba kwa sababu ya neno moja alilotupiwa kwenye korido.

SWALI: Mume wangu hunywa gongo kuanzia alfajiri. Asipoipata, mikono hutetemeka hata hawezi kushika kikombe. Shemeji zangu wameshauri tumfungie chumbani siku tatu mpaka iishe. Je, ni sawa? Na methadoni hiyo mnayoiandika ingemfaa? (Mke na mama wa watoto watatu, Moshi Vijijini)

JIBU: Dada yangu, msimfungie. Tafadhali wasomee shemeji zako jibu hili.

Methadoni ni kwa ajili ya heroini na dawa za jamii yake; haitibu pombe, bangi wala kokeini, na ikichanganywa na pombe inaweza kuua. Kuacha heroini ghafla humtesa mtu sana ingawa ni nadra kumuua, lakini kuacha pombe ghafla kwa mtu anayetetemeka alfajiri kunaweza kumuua kweli. Degedege huweza kumpata ndani ya siku mbili za kwanza, na kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuchanganyikiwa, kupandwa na homa, kutokwa na jasho na kuona wadudu au watu wasiokuwapo. Siku tatu mlizopanga kumfungia ndizo hasa siku za hatari.

Mpelekeni katika kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa, na asiache kunywa kabla ya kuonwa. Kama hajawahi kupata degedege, hana ugonjwa mwingine mkubwa, na wewe au mtu mzima mwingine asiyekunywa yupo nyumbani, anaweza kutibiwa bila kulazwa: atapewa diazepamu kwa dozi inayopungua kwa muda wa wiki moja hivi, pamoja na vitamini B1, na atarudi kuangaliwa kila siku. Dawa hizo uzishike wewe, umpe za siku moja moja. Kama degedege imewahi kumpata, alazwe. Na ikiwa hukupiga anapolewa, mweleze hivyo mhudumu mkiwa wawili tu, kwa kuwa usalama wako na wa watoto ni sehemu ya matibabu haya.

SWALI: Ninatumia methadoni Temeke, na nina msiba Mwanza utakaonichukua siku tano au sita. Nitapataje dawa? (Baba, Mbagala)

JIBU: Pole kwa msiba. Usisafiri kabla ya kupita kliniki, hata kama basi ni la alfajiri. Omba barua ya uhamisho wa muda yenye dozi yako na tarehe uliyoinywa mara ya mwisho, na uwaombe wawasiliane na kliniki ya Mwanza kabla hujafika. Ukikosa dawa siku tatu mfululizo au zaidi, usidai dozi yako ya zamani; daktari atakuona kwanza na huenda akaishusha, kwa sababu mwili umeshapungukiwa na uzoefu. Ukifika siku tano, mara nyingi huanzwa upya kwa dozi ndogo. Ukikwama njiani, au ndugu yako mwingine akitaka kujua kliniki iliyo karibu naye, namba 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya hupigwa bure.