Wasomaji Wanauliza: Vitabu Gani vya Watoto Viingie Nyumbani?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina watoto wa miaka 4, 7 na 10. Nataka kuanzisha maktaba ndogo sebuleni, lakini karibu kila kitabu kimeandikwa "chenye maadili" jaladani. Nichagueje?
Mama wa watatu, Ujiji, Kigoma

JIBU: Mama, maneno ya jaladani yasikushughulishe, wala ile sentensi ya mwisho, "hadithi hii inatufundisha kwamba..." Soma katikati. Nani anachekwa? Nani anaonewa na mwandishi anaona sawa tu? Kitabu kinaweza kumalizia kwa kusifu upole wakati kurasa zote za kabla yake zinamdhihaki mtoto wa kambo au mwenye ualbino, na mtoto wako ataondoka na kile kicheko. Hicho kirudishe rafuni. Ngano za Sungura mjanja usiziogope: mara nyingi anayezidiwa akili ni Fisi au Simba mwenye mabavu. Muulize tu mtoto, "Rafiki yako ungemfanyia hivyo?"

Wa miaka 4 mchagulie cha kurasa 16 hadi 24, picha kubwa, sentensi moja au mbili kwa ukurasa. Kwa wa miaka 7 ndipo wazazi wengi wanapopotea. Mtoto akishazijua silabi atatamka neno lolote la Kiswahili bila kukwama, hata asilolielewa, hasa kama nyumbani mnaongea Kiha. Usomaji wa haraka usikudanganye. Mpe ukurasa mmoja, akunje kidole kwa kila neno asilolijua maana. Vikifika vitano, kitabu hicho msomee wewe kwanza. Visipofika, kifunge akusimulie alichosoma. Wa miaka 10 achague mwenyewe, ila kipitie kabla yake.

Kabla ya kulipa, kifungue katikati na ukilaze mezani. Gundi ikipasuka na kurasa zikaanza kuachia, hakitadumu mikononi mwa watoto. Pini hushika kutu kwa unyevu wa ziwani. Kilichoshonwa kwa uzi kinafaa zaidi. Picha zilizofifia na mistari iliyopinda ni dalili za nakala ya wizi. Tazama pia ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu: vitabu vingi vya Tanzania huanza na 978-9976 au 978-9987.

Na usinunue vingi kwa mpigo. Azima kwanza maktaba ya mkoa. Kile watakachodai kisomwe tena na tena, hicho ndicho cha kununua.

SWALI: Mchwa wamemaliza vitabu vya wanangu. Nifanyeje?
Baba, Tabora mjini

JIBU: Pole sana, ndugu. Mchwa hupanda kwa kujenga njia ya udongo ukutani au kwenye mguu wa rafu, kisha hula kitabu kwa ndani huku jalada likibaki zima. Sogeza rafu sentimita 10 kutoka ukutani, miguu yake ikae juu ya vigae au matofali ya saruji, na vitabu visiguse sakafu wala ukuta. Kila wiki mulika tochi nyuma na chini yake. Ukiona njia ya udongo, ibomoe na utoe vitabu vyote siku hiyohiyo uvikague kimoja kimoja.