Farasi aliyewekewa vyuma: mkuu, shika kwanza ule mguu mzima

Mkuu mleta uzi, nimesoma maelezo yako mara mbili. Farasi wa kaka yako kavunjika mguu wa mbele wa kulia, kawekewa vyuma na skrubu, juu kafungwa hogo, leo siku ya kumi na nane yuko bandani Kigamboni. Unauliza vidonda vya hogo vinazuiwaje na dawa ya maumivu apewe mpaka lini. Nitafika huko. Ila umemalizia na habari ya furaha, kwamba tangu jana ameanza kuukanyagia vizuri mguu wenye vyuma, na watu wamekupongeza ukurasa mzima. Mimi hapo ndipo niliposhtuka.

Acha kusoma, nenda bandani ushike mguu wa KUSHOTO. Weka kiganja mbele ya ukwato, tulia nao kidogo, halafu ulinganishe na kwato za nyuma. Joto la Dar linadanganya, kwa hiyo pima tena alfajiri kabla jua halijatoka. Kisha weka vidole pembeni mwa kifundo, kwa nyuma, utafute mshipa. Kwa farasi mzima mapigo ya pale unayatafuta kwa taabu. Ukikuta yanagonga kwa nguvu, au anahamisha hamisha uzito kama mtu anayekanyaga lami ya saa nane mchana, mpigie daktari usiku huu huu. Usingoje kesho.

Inawezekana kweli anapona, sikatai. Lakini farasi anaweza kuanza kuutumia mguu mbovu kwa sababu ule mzima umeanza kuuma zaidi.

Nilikuwa saisi, yaani mtunza farasi, huko Oman miaka saba kabla sijarudi nyumbani. Tulikuwa na jike mmoja wa kijivu, akavunjika mguu wa nyuma, akafanyiwa upasuaji, picha za eksirei zikatoka safi. Wiki ya nne nikamkuta asubuhi kasimama sawasawa, mguu wenye vyuma uko chini. Nikakimbia kumwambia bosi kama nimebeba posa. Kulikuwa na mzee mmoja wa Kisudani, saisi wa zamani. Huyo hakucheka. Aliinama, akashika mguu wa pili, akakaa hivyo muda mrefu. Akasema, "Hajapona huyu, amehama maumivu." Baada ya siku kumi na kitu eksirei ikaonyesha mfupa wa ndani ya ukwato umeshaanza kuzunguka. Akachomwa sindano ya kumlaza milele. Mfupa uliovunjika ulikuwa unaunga vizuri tu.

Ugonjwa wenyewe ni laminaitisi. Ndani ya ukwato kuna nyama laini zinazoshikilia mfupa kwenye ukuta wa ukwato, na damu yake inategemea mguu unyanyuliwe na kushushwa. Kijana wa bodaboda akivunjika anapelekwa pale Taasisi ya Mifupa Muhimbili, analala mguu juu wiki nzima, analetewa uji. Farasi wa kilo 450 hawezi kulala hivyo. Anasimama, na asilimia kama 60 ya uzito wake iko miguu ya mbele. Akiutegea mmoja, wa pili unabeba mchana na usiku bila kupumzika, damu haipiti inavyotakiwa, zile nyama zinaachia.

Ndiyo yaliyomkuta Barbaro, farasi wa mbio wa Marekani, bingwa wa Kentucky Derby 2006. Wiki mbili baada ya ushindi ule alivunjika mguu wa nyuma wa kulia kwenye mbio za Preakness kule Baltimore. Kesho yake Dean Richardson wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania akamwekea bamba la chuma na skrubu 27. Mwezi Julai laminaitisi ikaingia mguu wa nyuma wa KUSHOTO, sehemu kubwa ya ukuta wa ukwato ikabidi iondolewe. Mwishowe ikafika miguu ya mbele, na tarehe 29 Januari 2007 wakamlaza milele. Hapo ni pesa ya kila aina na hospitali ya daraja la juu.

Wakati unamsubiri daktari, tafuta lile povu gumu jeupe linalokuja na boksi la friji. Kata kipande cha unene wa sentimita tano kwa umbo la ukwato, ukifunge chini ya mguu mzima kwa utepe wa plasta, uzito usambae kwenye wayo wote. Barafu unaweza kununua Feri, mguu ukapoa na maumivu yakapungua, lakini haipunguzi uzito. Usilale ukijua umemaliza kazi.

Kuhusu hogo: lipapase lote kwa kiganja asubuhi na jioni, hasa ukingo wa juu na usawa wa nyuma ya kifundo. Sehemu yenye joto kuliko kwingine, unyevu, harufu, ni kidonda kinaanza. Na angalia inzi. Wakirudi palepale kila ukiwafukuza, wameshanusa kitu ambacho wewe hujakiona. Aliyekushauri umwage mchanga wa baharini bandani ana hoja, mchanga unaushika ukwato vizuri, ila unaingia ndani ya hogo kwa juu na kusaga ngozi. Mimi ningeweka maranda, mengi, na kuziba ukingo wa juu.

Joto la mwili pima mara mbili kwa siku, uandike kwenye daftari. Pima KABLA ya kumpa dawa, maana byuti, hiyo dawa yake ya maumivu, inashusha homa na utadhani mambo shwari. Ikivuka 38.5, au usaha ukatoka karibu na nyuzi, mwambie daktari. Wadudu wakishakaa kwenye chuma wanajitengenezea utando, sindano ya shingoni haiwafikii vizuri. Ndiyo maana utaona anafunga mpira juu ya mguu, anachoma antibayotiki kwenye mshipa wa chini na kuiacha kama nusu saa. Usimlazimishe kutoa vyuma. Kama bado vimeshika, mfupa unaweza kuunga hata na usaha, vikatolewa baadaye.

Byuti usiikate kwa kuogopa vidonda vya tumbo, na usiongeze kwa akili yako. Ukikata, anautegea ule mguu, mzigo unarudi kushoto. Hesabu mavi yake. Farasi mzima anakunya mara sita mpaka kumi na zaidi kwa siku. Zikiwa tatu kavu, tumbo linaziba. Maji ndoo mbili muda wote.

Na yule aliyeandika "dawa yake risasi": kwa mivunjiko mingine ni kweli, ndiyo huruma. Huyu farasi wenu keshaivuka hata hatari ya kuamka kutoka nusu kaputi, iliyommaliza Ruffian, jike wa mbio wa Marekani, mwaka 1975 alipozinduka akapigapiga miguu mpaka akaharibu kila kilichotengenezwa.

Haya, umeshashika mguu wa kushoto? Andika hapa ulichokuta. Niko macho mpaka saa sita.