Kipande cha kanga na mshipi wa samaki: mtutu wangu hausafishwi kwa kingine

Jumapili iliyopita nilipata 56 kati ya 60. Kwa asiyeijua hesabu ya mchezo wetu wa kulenga shabaha kwa bunduki za upepo: unapita msituni kwenye malengo 30 ya chuma, kila moja lina tundu. Kijirisasi kikipita tunduni lengo linaanguka, unaandikiwa 2. Ukigonga chuma tu, 1. Ukikosa kabisa huna kitu. Umbali unaanzia yadi 8 hadi 45, unaukadiria kwa macho yako, na ukishaanza raundi huruhusiwi kuigusa darubini kuirekebisha. Mimi niliangusha 26, na zile nne zilizobaki niligonga chuma. Sikukosa hata moja. Tena kwa bunduki ya springi, katikati ya watu wenye bunduki za chupa ya hewa zenye bei ya pikipiki. Nimefurahi, na sioni sababu ya kuficha.

Kesho yake nikapata ujumbe wa kijana mmoja, mtu wa Mombasa anayesoma Leicester. Anasema: "Kaka, nimenunua bunduki ya upepo ya mkono wa pili kwa pauni 90. Sasa dukani wananiambia bila seti ya kusafishia mtutu nitaiharibu, na seti ni pauni 45. Kweli?"

Si kweli, mdogo wangu. Na nakujibu hapa badala ya kukujibu peke yako kwa sababu najua mko wengi mnaotaka kutoka kwenye arobaini na kitu mfike hamsini na kitu, na mnaambiwa njia inapita kwenye kaunta ya duka. Mimi pia niliambiwa hivyo. Sikuwa na hizo pauni, nikajitafutia njia ya nyumbani, na ya kwanza niliyoitafuta ilinitia hasara kubwa kuliko bei ya seti.

Nimekulia Ngamiani, Tanga. Marehemu mama alikuwa fundi cherehani, na katika nyumba yetu mafuta ya cherehani yalikuwa dawa ya kila kitu: bawaba za mlango, mnyororo wa baiskeli, kufuli lililoota kutu. Nilipohamia hapa Small Heath, Birmingham, mtaa uleule ambao kiwanda cha silaha cha BSA (Birmingham Small Arms) kilikuwa kikitengeneza bunduki za upepo tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, nikanunua yangu ya kwanza. Miezi michache baadaye ikaanza kutawanya. Vijirisasi vitano vilivyokuwa vikitua mahali pamoja kwenye karatasi sasa vilienea kama mbegu. Nikafanya kile ambacho mama angefanya. Nikatia matone manne matano ya mafuta ya cherehani mtutuni, nikaiegemeza ukutani mdomo juu usiku kucha ili yashuke vizuri.

Asubuhi nikaenda klabu. Mlio wa bunduki ya upepo mnaujua, ni kama mtu kapiga kofi kwenye mto. Siku ile ulikuwa mlipuko. Watu wote kwenye mstari waligeuka. Moshi mweupe ukatoka mdomoni mwa mtutu, na harufu ile ya mafuta yaliyoungua naisikia hadi leo. Nilifyatua mara ya pili, ikawa vilevile. Mara ya tatu ikatoa pumzi tu, kijirisasi hakikufika hata kwenye lengo. Sili ya pistoni, kile kizibo kinachozuia hewa isivuje, ilikuwa imekwisha.

Walicheka. Mzee mmoja alisema neno ambalo sitalirudia, linalohusu nilikotoka na mambo tunayoyajua na tusiyoyajua huko. Hakuna aliyekuja kunieleza kilichotokea. Hakuna. Nilifunga bunduki yangu kwenye begi nikarudi nyumbani kwa basi, na kwa miezi mingi sikukanyaga tena pale. Imepita miaka, na bado nikilisimulia koo linakauka.

Basi acha mimi nikueleze wewe walichokataa kunieleza mimi. Injini ya dizeli haina plagi ya kuwasha moto kama ya petroli. Pistoni inaibana hewa kwa nguvu mpaka inakuwa ya moto kiasi cha kuyawasha mafuta yenyewe. Bunduki ya springi inafanya hivyohivyo. Unapofyatua, pistoni inakwenda mbele kwa kasi na kuibana hewa iliyo mbele yake. Pakiwa na mafuta, yanalipuka. Kijirisasi kinatoka kwa nguvu isiyo ya kawaida, sili inaungua, springi inaumia. Mafuta yangu yalishuka usiku ule yakapita kwenye kitundu cha hewa hadi chumba cha pistoni, na nilikuwa nimeyasaidia kwa mikono yangu. Kwa hiyo mafuta ya cherehani, ya kupikia, ya nazi, ya gari, ile dawa ya kupuliza ya kulegeza kutu: usitie mtutuni. Mwenye bunduki ya chupa ya hewa asijione kasalimika. Mle ndani hewa imebanwa kufikia baa 200, na mafuta yoyote yanayotokana na petroli mahali kama pale ni hatari kwa uso wako, si kwa bunduki peke yake.

Sasa njia yenyewe. Nenda kwenye makabati yako.

Tafuta mshipi wa kuvulia samaki ulio mnene, au ile kamba ya plastiki ya mashine ya kukatia nyasi. Urefu uwe mara mbili na nusu ya mtutu. Ikunje katikati upate kitanzi. Halafu kitambaa cha pamba kilichofuliwa mara nyingi. Mimi natumia kanga kuukuu ya mama watoto, iliyokwisha kulainika na kuacha kutoa nyuzi. Fulana ya zamani nayo inafaa. Kata kipande cha mraba, upana wa vidole viwili kwa mtutu wa milimita 4.5, kikubwa kidogo kwa wa 5.5. Kipite kwa kubana kiasi. Ukilazimika kuweka mguu ukutani ili ukivute, ni kikubwa mno, kitakatika na kukwama katikati, na hapo utakuwa na kazi nyingine.

Hakikisha bunduki haina kitu ndani na haijavutwa springi. Kama ni ya kuvunja, yaani ile ambayo mtutu wake unakunjwa ili kuipakia, ifungue kidogo tu ili upaone pa kupakilia, usiivute mpaka springi ikamate. Mdomo wa mtutu uelekee chini. Hili nalirudia kwa sababu ndilo lililonigharimu: mdomo chini, ili unyevu wowote utoke nje, usirudi ndani. Pitisha kitanzi kutoka mdomoni hadi upande wa kupakilia, tia kitambaa kwenye kitanzi, vuta polepole kitokee mdomoni. Kijirisasi nacho kinapita njia hiyohiyo.

Kitambaa cha kwanza kipitishe kikavu. Kitazame kabla hujakitupa. Changu cha mwisho kilitoka na ute mweusi kama wa sufuria ya kuni, na ndani yake vipande vidogo vinavyong'aa ukivigeuzia mwanga. Hiyo ni risasi, namaanisha madini yenyewe, iliyobanduka kwenye vijirisasi na kuganda kwenye michirizo, ile mifereji ya ndani ya mtutu inayokizungusha kijirisasi. Baruti hakuna kwenye bunduki zetu, ndiyo maana dawa kali za bunduki za moto hatuzihitaji. Cha pili kichovye kwenye maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo, ukikamue mpaka kisidondoshe. Kama uchafu ni sugu, tumia spiriti kidogo badala ya sabuni, kitambaa kiwe na unyevu tu, kisha iache bunduki wazi nusu saa ikauke kabisa kabla ya kufyatua. Baada ya hapo vitambaa vikavu, vinne au vitano, mpaka kimoja kitoke kama kilivyoingia. Chuma na maji ni maadui, usiache unyevu.

Basi, ndiyo yote. Kitanzi, kitambaa, sabuni.

Msitumie dawa ya meno, ina mchanga laini unaokula michirizo. Msitumie waya wa henga. Rafiki yangu mmoja alitumia, akaukwaruza ukingo wa mdomo wa mtutu, mahali pa mwisho ambapo kijirisasi kinagusa chuma, na tangu hapo bunduki yake inapeleka kushoto. Asetoni ya kuondolea rangi ya kucha inakula sili za mpira na vanishi ya kitako. Na msifanyie jikoni. Vitambaa vile vina risasi, na risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Fanyeni kwenye gereji au nje, vitambaa vitupwe kwenye mfuko uliofungwa, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa chakula.

Tena msisafishe kila wiki. Hapa ndipo wengi mnapojiumiza. Mtutu uliotoka kusafishwa haulengi vizuri mara moja. Wangu unataka vijirisasi 30 hivi kabla ya kutulia. Ukisafisha Jumamosi usiku na mashindano ni Jumapili, umejiadhibu bure. Subiri bunduki ikuambie. Mimi kwa yadi 25 natazama kama matundu ya vijirisasi vitano yanafunikwa na sarafu ya peni 5. Yakianza kutoka nje ya sarafu siku mbili mfululizo, na upepo hauna lawama, nasafisha. Mwaka jana nilisafisha mara mbili.

Kwa mdogo wangu wa Leicester: England bunduki ya upepo ya begani ambayo nguvu yake haizidi futi-pauni 12 haihitaji leseni ukiwa na miaka 18, lakini ukimtembelea shangazi yako Glasgow iache nyumbani, Uskoti wanadai cheti tangu mwisho wa 2016. Na walioko nyumbani Kenya na Tanzania, anzieni polisi kabla ya kununua chochote, msije mkasema mlisoma kwangu.

Yule mzee bado yupo klabu. Mwezi wa tatu alinijia na bunduki yake, akasema inatawanya, akaniuliza ninatumia nini. Nilimkatia vipande sita vya kanga na kumwonyesha jinsi ya kuinamisha mdomo chini. Hakuomba radhi, nami sikumdai. Lakini nilimweleza kila kitu, hatua kwa hatua, mpaka akaelewa.

Wewe pitisha kitambaa kikavu cha kwanza leo jioni, unitumie picha yake. Nitakuambia kama hata unahitaji sabuni.