Kusajili alama ya biashara Kenya: pesa zinakoishia

Dada, umeuliza kama shilingi 60,000 ulizoitishwa na wakala kusajili jina la asali na siagi yako ya njugu ni bei ya haki au unakamuliwa. Mimi natengeneza achari na sosi ya pilipili hapa Mombasa, na alama yangu niliisajili mwenyewe KIPI, taasisi ya serikali inayosajili alama za biashara, bila wakala. Nitakwambia nilivyolipa, nawe upige hesabu.

Kwa kundi moja la bidhaa: upekuzi wa jina (kuangalia kama kuna aliyetangulia) 3,000, maombi 4,000, kutangazwa kwenye jarida lao 3,000, cheti 2,000. Jumla 12,000. Ada hubadilika, kwa hiyo tazama tovuti yao kabla hujatoa pesa. La kufurahisha ni kwamba hulipi kwa mkupuo. Unalipa kila hatua ikifika, na kati ya maombi na cheti hupita miezi, maana alama ikishatangazwa lazima isubiri siku 60, mwenye pingamizi alete. Kwa mtu anayezungusha mtaji mdogo kama sisi, hilo ni nafuu kubwa.

Sasa, kinachopandisha bei ni makundi. Bidhaa na huduma zote duniani zimegawanywa makundi 45, na kila kundi lina ada yake. Mtu angedhani chakula ni chakula tu, kumbe siyo. Achari yangu iko kundi la 29, sosi ya pilipili iko la 30. Chupa zinakaa rafu moja, lebo ni moja, lakini kwenye fomu ni vitu viwili. Nawe ni vivyo hivyo: siagi ya njugu ni 29, asali ni 30. Kundi la pili halilipiwi sawa na la kwanza. Mimi liliniongezea 8,000 hivi. Kwa hiyo ada za serikali kwako zingekuwa kama 20,000, na hizo 40,000 zilizobaki ni za wakala.

Sisemi anakuibia. Kuna kazi ya kuandika maelezo ya bidhaa na kufuatilia barua. Lakini Mkenya anaruhusiwa kujiombea mwenyewe, na malipo hupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, M-Pesa inatosha. Kama umewahi kujaza fomu za kodi za KRA bila kulia, hii utaiweza. Mwambie akuandikie karatasi, ada za KIPI upande huu na zake upande ule. Akikataa kutenganisha, tafuta mwingine.

Pa kutumia pesa ni kwenye upekuzi. Si lazima, na wengi huuruka ili waokoe hizo 3,000. Jirani yangu anayeuza viungo aliuruka, akachapisha lebo maelfu kule Nairobi, kisha maombi yakarudi kwa sababu jina lake limekaribiana na la mwingine aliyetangulia. Lebo zile hadi leo anafungia bizari za kupima.

Jina lenyewe pia. Ukiomba "Asali Safi" utakataliwa, kwa kuwa kila muuza asali ana haki ya kusema asali yake ni safi. Chagua neno lisiloisifu wala kuieleza bidhaa. Na ukiweza, omba jina au nembo kwa rangi nyeusi na nyeupe. Alama isiyofungwa kwa rangi hulindwa kwa rangi zote, hivyo ukibadilisha rangi za lebo mwakani hulipi upya.

Kitu kingine: usidhani lile jina la biashara ulilosajili eCitizen kwa pesa kidogo linakulinda. Lile linakuruhusu kufanya biashara kwa jina hilo, basi. Halimzuii mtu kubandika jina lako kwenye chupa yake.

Alama yako ikishatangazwa, jihadhari na wajanja. Mimi nililetewa barua pepe yenye nembo ya kuvutia, yadai mamia ya dola niingizwe kwenye "rejista ya kimataifa". Ni utapeli, hulenga watu ambao majina yao yametoka kwenye majarida. KIPI ikitaka pesa utaona dai lake ndani ya akaunti yako ya maombi.

Pingamizi likija, hapo ndipo utafute wakili, tena wa mambo haya, maana kujibu kuna muda wake na ukipita umepoteza. Usajili ukikamilika unadumu miaka 10 tangu siku ya maombi, kisha unahuishwa. Unalinda Kenya tu. Ukianza kupeleka asali Arusha au Kampala, kule ni maombi mengine na ada nyingine. Na ile alama ya ®, yaani imesajiliwa, usiiweke kwenye lebo kabla ya cheti, ni kosa kisheria. TM, yaani alama ya biashara tu, ruhusa.

Jina ulilochagua usilitaje hapa bado. Ukishapata namba ya maombi, njoo nalo tulione.